Maneno ya Kumkwepa Mkwe

Siku Siddharth alipofika nyumbani kwao Sylvia kwa mara ya kwanza, alimkuta Agneta mlangoni akipepeta mahindi. Kijana akafurahi, akanyoosha mikono yote miwili amkumbatie mama wa msichana anayempenda. Huko alikolelewa, mtu mwenye adabu hufanya hivyo.

Agneta aliiona ile mikono ikija. Ungo ukaanguka, mahindi yakatawanyika, naye akatokea mlango wa nyuma akaruka mtaro wa maji machafu ambao siku nyingine zote huuzunguka akilalamikia magoti. Aliingia kwa jirani na kujifungia huko. Jirani alidhani nyumba inaungua, akatoka na ndoo ya maji.

Siddharth alibaki na mikono hewani.

Kwa watu wa Agneta na mumewe Wakoli, kule Bungoma, mama na mume wa binti yake hawashikani mikono, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huacha njia. Hakuna chuki hapo. Ni heshima nzito ambayo haibebwi kwa mkono. Wakoli hakuwahi kumweleza mtu mila hiyo, kwa sababu hakuwahi kukutana na mtu asiyeijua. Hata majirani zake Wajaluo pale Manyatta, Kisumu, walikuwa na ya kwao inayofanana nayo. Sylvia naye, aliyezaliwa mjini, alisahau kumwonya mchumba wake, kama mtu anavyosahau kumwambia mgeni kwamba usiku hulaliwa.

Mara ya pili ilikuwa katika soko la Kibuye, ambako Wakoli ana kibanda cha kutengeneza vitanda na makabati. Siddharth, ambaye humsaidia nyanya yake katika duka lao la vifaa vya ujenzi, alikuja kuuliza habari za mbao. Walikuwa katikati ya mazungumzo Agneta alipotokea na chakula cha mchana cha mumewe. Alipomwona kijana, alipinda ghafla akajibanza nyuma ya kabati lisilopakwa vanishi. Kabati lile halikuwa na miguu mirefu, lakini ilitosha. Siddharth aliviona viatu vyake. Aliongea habari za mbao huku akivitazama vile viatu, na vile viatu havikusogea mpaka alipoondoka.

Jioni hiyo akampigia simu mama yake, Uingereza.

Mama yake, Sejal, ni mjane. Alikulia katika mtaa mmoja huko Uingereza ambako majirani walivuka barabara kila walipoona familia ya Kihindi inakuja, na wengine walivuta mapazia mchana kweupe. Alijua kuvuka barabara kuna maana gani. Alimwambia mwanawe kwamba anakuja Kisumu kusikia kwa masikio yake, na kwamba ikiwa watu hao hawamtaki, hatatoa baraka zake. Na Siddharth, pamoja na mapenzi yake yote, alikuwa amemwambia Sylvia waziwazi: bila baraka za mama yake, hakuna harusi.

Sylvia aliyaleta hayo nyumbani akiwa bado na sare yake ya uuguzi, macho mekundu.

“Baba, nilimwambia huyo mama kwa simu ni heshima tu. Unajua amenijibu nini? Ati heshima haitoki mbio na mlango wa nyuma.”

“Ungemweleza vizuri,” Wakoli alisema.

“Nimeeleza mpaka nimechoka! Kila nikisema ‘custom’ anasema watu husema custom wakiogopa kusema ukweli.” Akajifuta pua. “Sasa Baba, si wewe ndio unasoma Kizungu? Tafuta neno. Atakuja Jumapili.”

Sentensi hiyo ilimwingia Wakoli kama kibanzi chini ya ukucha. Yeye hakusoma utotoni. Kusoma na kuandika alijifunza akiwa tayari ana ndevu, katika shule ya ngumbaru, na Kiswahili chake alikinoa mwenyewe kwa kusoma kila gazeti lililofungiwa misumari. Sasa, uzeeni, alikuwa akisoma Kiingereza katika ukumbi wa kanisa, na pale Kibuye hakuna aliyekuwa hajui. Leo binti yake hakumwomba pesa wala kitanda. Alimwomba neno. Angelikosa, uso wake angeuweka wapi?

Kuanzia hapo hakukaa kitako. Alipiga randa ubao mpaka ukawa mwembamba kuliko alivyoagizwa. Alianza kunywa chai akaisahau. Mteja alimuuliza bei ya kitanda, naye akajibu, “Subiri, nafikiria,” mteja akaenda zake kwa fundi wa pili.

Jioni ya darasa alifika mapema, akamkuta mwalimu Valarie akifuta ubao. Valarie alikuwa msichana wa umri wa binti yake, mchangamfu, mwenye sauti ya kufika nyuma ya ukumbi.

“Mwalimu, nataka neno la Kizungu. Mtu anamkwepa mtu. Hamtazami, hamsogelei. Kizungu kinasemaje?”

“Oo, Mzee Wakoli, hapo umeuliza kitu tamu!” Valarie aliitafuta chaki. “Wazungu kwa hiyo mambo ni matajiri.”

Wanafunzi walipokuwa wameketi, ubao ulikuwa umejaa. ‘Avoid’. ‘Shun’. ‘Steer clear’. ‘Give a wide berth’. ‘Keep at arm’s length’. ‘Cold shoulder’. Wakoli alishangaa. Kumbe Waingereza walikuwa na ghala zima la kukwepana. Alihisi kama mtu aliyeingia Kibuye kutafuta jozi moja ya viatu akakuta mlima.

“Anza na ya kwanza,” alisema.

“‘Avoid’ ni kukwepa tu. Unaweza avoid shimo kwa barabara.”

“Mkwe si shimo. Hiyo ingine?”

“‘Shun’ ni kumtenga mtu kabisa. Kama mchawi.”

Darasa likaguna. Aoko, mama wa makamo anayeuza dagaa wa omena Kibuye, ambako kisa cha Agneta na kabati kilikuwa kimeshaenea, na ambaye mumewe huvua samaki ziwani pale Dunga, alipiga makofi. “Yawa! Jaduong’, huyu mzee wetu, ametafuta neno ya mke wake akapata mchawi!”

“Wewe Aoko nyamaza, mimi nasoma,” Wakoli alisema. “Mwalimu, hiyo ya ‘berth’.”

“Hiyo inatoka kwa meli. Meli inapita mbali na hatari, inaacha nafasi kubwa. ‘Give a wide berth’.”

“Vile bwana yangu, Baba Otis, anapita mbali na kiboko,” Aoko alisema.

“Ndiyo, Mama! Mfano mzuri sana.”

Wakoli alifikiria Siddharth akiwa kiboko na Agneta akiwa ndani ya mtumbwi. Hapana. “Na hii ya mkono?”

“‘Arm’s length’. Unamweka mtu umbali wa mkono wako. Unamsalimia, lakini humwamini. Wafanyabiashara wanaitumia.”

“Na bega?”

“‘Cold shoulder’. Mtu anakuja kwako na furaha, wewe unamgeuzia bega. Baridi kabisa.” Valarie aligeuza bega kuonyesha, na wote wakacheka, kwa sababu alifanya vizuri sana. “Halafu kuna hii kali. ‘I wouldn’t touch him with a barge pole.’ Hata kwa upondo, ule mti wa kusukumia mashua, simgusi.”

“Upondo!” Aoko alifuta machozi ya kicheko. “Mwalimu, hiyo ndiyo. Mzee, ambia hao Wahindi, bibi yangu hawezi gusa kijana yenu hata na upondo. Utaona harusi.”

Wakoli hakucheka. “Mwalimu,” alisema taratibu, “haya yote ni ya watu waliokosana. Kuna ya watu wanaopendana?”

Valarie alishika chaki, akautazama ubao, akamtazama Wakoli. Alikuwa binti mkweli. “Mzee, hiyo sijapata. Labda useme kwa kirefu. Useme polepole, ueleze. Au useme ‘hold back’. Kujizuia. Hiyo si mbaya sana.”

“Kujizuia na nini?”

“Na... chochote ulitaka kufanya.”

“Kama kupiga mtu?”

“Pia.”

Alirudi nyumbani akitembea haraka kama mtu anayefuatwa. Agneta alikuwa nje akichambua kunde. Wakoli aliketi, akasimama, akaketi tena, kisha akamweleza habari zote za ubaoni, maana katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kuweza kumficha jambo zaidi ya muda wa kupika ugali.

“Kwa hiyo mimi mchawi, mashua, na bega baridi,” Agneta alisema.

“Sijachagua bado.”

“Baba Sylvia, wewe kwa nini usimwambie tu mtu huyo mtoto wake ni mkubwa kwangu? Ni mkubwa mpaka siwezi kumwangalia.”

“Kwa Kizungu hiyo haisikiki.”

“Basi Kizungu chenyewe ndicho hakisikii.” Alitupa majani mabaya kando. “Nikikutana na yule kijana, moyo wangu unaruka. Simchukii. Naona aibu nzuri. Naona kama nimekutana na mtu aliyebeba damu ya wajukuu wangu mkononi, na mimi nimetoka jikoni na jasho. Utamwambiaje Mzungu hiyo?”

“Si Mzungu. Ni Mhindi wa Uingereza.”

“Ndio hivyo.”

Wakoli hakulala vizuri siku zote zilizobaki. Lakini hakurudi nyuma. Alijiambia kwamba mtu aliyejifundisha kusoma akiwa na ndevu hawezi kushindwa na hotuba moja. Aliyapanga maneno ya ubaoni kichwani kama mtu anavyopanga vipande vya kitanda kabla ya kuvigonga, akayarudiarudia akipiga randa, akitembea, akinyoa. Alikusudia kuyasema yote, moja baada ya jingine, kila moja akilitoa ubaya wake, mpaka libaki lile linalofaa. Kwake yeye ilionekana njia ya uhakika. Ndivyo anavyochagua mbao.

*

Jumapili walikuja alasiri: Siddharth, mama yake Sejal, na nyanya yake Ranjan, mama wa marehemu baba yake, bibi kizee mwembamba aliyevaa sari nyeupe na kutembea kwa fimbo. Sylvia aliwakaribisha sebuleni. Wakoli alikuwa amevaa koti la kuendea harusi za watu, lile analotunza kwa sherehe. Agneta alikuwa jikoni, kibanda cha mabati kilicho nyuma ya nyumba, kitambaa kikiwa kimeshushwa mlangoni. Harufu ya vitunguu na bizari ilikuja mpaka sebuleni.

Sejal alikuwa mwanamke mrefu mwenye nywele fupi na mkao wa mtu aliyezoea kusimama mbele za watu. Alisalimia vizuri. Aliketi. Alitazama kiti cha mwanamke wa nyumba, ambacho kilikuwa kitupu, akaendelea kukitazama.

Wakoli alisimama. Alikuwa amedhamiria kusimama. Alianza kwa Kiingereza.

“Madam Sejal. Welcome. My wife avoids your son.”

Sylvia alifumba macho.

Wakoli aliona uso wa Sejal ukikaza, akadhani anasikiliza kwa makini. Aliendelea. Alisema kwamba ‘avoid’ haitoshi, kwa sababu kijana si shimo. Alisema mkewe ‘steers clear’, hupita kando, na humpa kijana ‘a wide berth’, lakini si kama meli. Alisema mkewe anamweka Siddharth ‘at arm’s length’, lakini si kama wafanyabiashara. Alisema si ‘cold shoulder’, akageuza bega lake kuonyesha lile ambalo silo, na hapo Siddharth akainamisha kichwa. Kila neno alilolitoa lilibaki pale sebuleni kama kipande cha mbao kilichoanguka, na Wakoli alianza kuona kwamba vipande havikai sawa, lakini hakujua jinsi ya kukoma. Jasho lilimtiririka ndani ya koti. Alipofika kwenye ‘shun’ alilisema kwa sauti ndogo, ili alikatae haraka, lakini Sejal aliinua mkono.

Alisema kwa Kiingereza chake cha mwendo wa pole, na Sylvia hakuhitaji kumfasiria baba yake, kwa sababu maneno yalikuwa yale yale ya ubaoni.

“Mzee Wakoli, hayo yote nayajua. Hayo ndiyo waliyotufanyia nikiwa mtoto. Sikuyasoma shuleni. Niliyasoma kwa watu waliovuka barabara.” Akakitazama tena kile kiti kitupu. “Umeniambia jambo moja kwa namna sita. Mkeo hamtaki mwanangu.”

“No, no. Madam. Not.”

“Yuko wapi sasa hivi?”

“Kitchen.”

“Basi mwite. Ainuke, aingie hapa, amsalimie mwanangu kama mtu anavyosalimia mtu. Akifanya hivyo, nitaamini. Asipofanya, sisi tutashukuru kwa ukarimu wenu, tutaenda.”

“Mum,” Siddharth alisema.

“Hapana. Sikusafiri mbali hivi kuja kuhesabu viatu vya mtu nyuma ya kabati.”

Sylvia alimtazama baba yake. Wakoli hakuwa ameona macho ya binti yake yakimwangalia vile tangu Sylvia alipokuwa mdogo akiumwa malaria, akidhani baba yake anaweza kuutoa ugonjwa kwa mkono. Akatoka. Bibi kizee Ranjan, aliyekuwa amekaa kimya pembeni muda wote, aligeuza kichwa akamfuata kwa macho.

Jikoni Agneta alikuwa amesimama katikati ya moshi, mikono imelowa. Alikuwa amesikia kila kitu. Kizungu hakijui sana, lakini sauti ya mtu anayeondoka anaijua.

“Wanataka nitoke,” alisema.

“Ndiyo.”

“Umewaambia nini, Baba Sylvia? Mbona umeongea kama mtu anayevunja sahani?”

Wakoli alijifuta jasho kwa mkono wa koti. Aliangalia huku na huku. Juu ya meko kulikuwa na sufuria tatu ambazo hakuwahi kuziona, zinang’aa, moja bado ina karatasi ya dukani ubavuni. “Hizi umetoa wapi?”

“Nimenunua. Hao watu hawali nyama wala samaki. Zetu zote zimenuka samaki miaka yote hii. Ningewapikia kwa sufuria ya omena?” Alijipangusa mikono kwa leso. “Nitoke? Sema. Wewe ndiye mwenye nyumba. Nikitoka nikamshika mkono yule kijana, nitakuwa nimemvua nguo mbele ya mama yake, na yeye hata hajui. Lakini nisipotoka, Sylvia atalia mpaka nife. Sema wewe.”

Mtu mwenye kiburi akiulizwa swali kama hilo hujua kwamba jibu lolote litamkaa kifuani. Wakoli alifikiria kusema toka. Neno lilikuwa limefika mdomoni. Agneta aliliona, akaanza kufungua leso kichwani ili ajifunge vizuri, awe tayari, na namna alivyokuwa akiifungua, kama mtu anayevua kitu ambacho hatakivaa tena, Wakoli akashindwa.

“Subiri,” alisema. “Ngoja kwanza.”

“Ningoje nini?”

Fimbo iligonga mlango wa mabati. Kitambaa kikafunuliwa. Ranjan aliingia akiwa ameinama kwa ajili ya mlango mfupi, akakohoa kwa moshi.

“Nyinyi watu,” alisema kwa Kiswahili chake cha dukani, cha Kisumu kabisa, “mnaongea Kizungu, mnaongea Kizungu, mimi nimeketi hapo kama gunia ya saruji. Mimi nimezaliwa Awasi, hapa tu karibu! Baba yangu alikuwa na duka Awasi. Mzee, wewe hukuniuliza hata kiti iko ngumu.”

Wakoli alihisi aibu ikimpanda kutoka kwenye viatu. Alikuwa amehangaika juma zima kutafuta maneno ya kumwambia Sejal, na hapo sebuleni kulikuwa na mtu mkubwa kuliko wote, anayesikia Kiswahili kama yeye, na hakumtazama hata mara moja. “Nisamehe, Mama,” alisema.

Lakini Ranjan hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anamtazama Agneta, ambaye kwa kutofahamu nani ameingia alikuwa ameivuta leso mpaka kwenye macho na kugeukia ukuta.

“Huyu ndiye anamkimbia Siddharth?”

“Ndiye, Mama. Kwetu mama hamtazami mume wa binti yake. Ni...”

“Nyamaza, Mzee, naona.” Alisogea. Alimgusa Agneta mkono, naye akageuka. “Mimi nimekaa kwa nyumba ya baba mkwe yangu mpaka amekufa. Hakujua sura yangu. Nikimpelekea chai, hivi.” Akavuta upindo wa sari nyeupe juu ya kichwa, ukashuka ukafunika uso mzima mpaka kidevuni, na kwa muda bibi kizee akawa bibi harusi aliyesimama jikoni kwa watu. “Kwetu tunaita laaj, aibu ya heshima. Nikisikia kikohozi yake nje, naruka kama paka. Kumchukia? Yule mzee nilimpenda kuliko baba yangu.” Akafunua uso. Macho yake yaliona sufuria. Alisogea akachungulia, akaipapasa ile karatasi ya dukani kwa kidole. “Hii umenunua kwa ajili yetu?”

“Ndiyo, Mama,” Agneta alisema. “Hazijapikiwa nyama. Hata mwiko ni mpya.”

Ranjan aligeuka mlangoni akapaza sauti kwa Kigujarati, sauti ambayo Wakoli hakutegemea itoke katika mwili mdogo kama ule. Katika maneno yake lilisikika jina la Sejal, kisha lile neno laaj.

Sejal alikuja. Hakuja kwa furaha. Alisimama nje ya kitambaa, na mama mkwe na mkwe wake wakajibizana kwa Kigujarati, upesi, na ilikuwa wazi hata kwa asiyejua neno moja kwamba hayo ni mabishano ya zamani. Ranjan alimgeukia Wakoli, akamfasiria bila kuombwa.

“Anasema hiyo ndiyo kitu ilimfanya akatae kukaa Kisumu. Alipoolewa nilimwambia afunike uso mbele ya mume wangu. Alikataa. Tuligombana, wacha tu. Sasa anasema amekuja huku yote akute ile ile.” Alicheka kidogo, cheko ambalo halikuwa na furaha yote. “Lakini nimemwambia: usipende, sawa. Ulikataa, sawa. Lakini usiseme ni chuki. Unajua si chuki. Uliniona mimi.”

Wakoli aliona jinsi Sejal alivyoupitisha mkono kwenye nywele zake fupi, mara moja, mara mbili. Kisha akainama akaingia jikoni. Alimtazama Agneta. Kati yao wawili hakukuwa na mwiko wowote, kwa hiyo Agneta alimtazama pia, moja kwa moja, bila leso.

“Karibu, Mama Siddharth,” Agneta alisema. “Moshi ni mwingi. Keti hapo.”

Ranjan alimsukuma Wakoli kwa fimbo. “Wewe toka. Hapa ni wanawake.”

Akatoka. Alirudi sebuleni, akaketi, akainuka, akaenda dirishani. Siddharth alikuwa ameketi akitazama mlango wa nyuma. Sylvia alikuwa amekunja kitambaa cha meza mpaka kikawa kidogo kama sabuni.

“Wanasema nini?” Sylvia aliuliza.

“Sijui.”

“Baba, na ile bega...”

“Najua.”

“Uligeuza bega kabisa.”

“Sylvia, nimesema najua.”

Siddharth, bila kutaka, alianza kucheka. Alijaribu kujizuia akashindwa, na Sylvia akamfuata, na Wakoli akawatazama wote wawili akitaka kukasirika, lakini hasira haikuja. Kisha kutoka jikoni wakasikia sauti. Ilikuwa sauti ya Agneta, akiongea kwa kirefu, kwa Kiswahili, polepole, kisha Ranjan akiigeuza kwa Kigujarati, kisha mtu akauliza swali fupi, kisha kelele ya sufuria. Wakoli alisikiliza mpaka shingo ikamuuma. Hakushika hata neno. Alikuwa amezoea kusimamia kila jambo la nyumba yake, na sasa jambo kubwa kuliko yote lilikuwa linakwenda bila yeye, nyuma ya kitambaa. Alitembea kutoka dirishani mpaka mlangoni na kurudi.

Mwishowe Sejal alitokea. Macho yalikuwa mekundu, na haikuwezekana kujua kama ni kwa moshi. Kwenye bega la nguo yake nzuri kulikuwa na alama ya unga, kama kiganja cha mtu. Alisimama mbele ya mwanawe, akamtazama kwa muda, akamwuliza kwa Kiingereza kama ataweza kuishi hivyo, kuwa na mama wa mke ambaye hatamshika mkono wala kula naye, mwaka baada ya mwaka.

Siddharth alifikiri. Wakoli alifurahi kwamba alifikiri, kwamba hakurukia jibu.

“Siku ile niliviona viatu vyake muda wote,” alisema. “Alivaa viatu vizuri, vya kanisani, kuja Kibuye. Nadhani alikuja kwa sababu alijua niko.” Akainua mabega. “Nitaweza, Mum. Sipendi sana. Lakini nitaweza.”

Sejal alivuta pumzi. Alisema bado ana mengi ya kusema kuhusu jambo hilo, na kwamba atayasema, si leo. Kisha akashika mgongo wa kiti cha mwanawe.

“Geuza kiti chako,” alimwambia. “Tazama ukuta. Mama mkwe wako anapita na chakula.”

Sylvia alitoa sauti kama ya mtu aliyemwagiwa maji. Wakoli alifungua mdomo. Alikuwa na sentensi nzima, tena ya Kiswahili, nzuri. Ranjan, aliyekuwa anaingia kwa fimbo yake, alimtazama, naye akaufunga.

Siddharth aligeuza kiti. Alikaa akiutazama ukuta wa udongo uliopakwa chokaa, mgongo umenyooka, kama mtoto aliyeadhibiwa. Agneta alipita nyuma yake na sinia la chapati na kunde, leso imefunika macho, hatua zake nzito, akaweka chakula mezani, akapita tena kurudi. Alipofika mlangoni alisimama, mgongo wake ukiwa umeelekea mgongo wa Siddharth, akasema kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu:

“Baba Sylvia, mwambie huyo mtu ale. Na mwambie chapati zikipoa ni makosa yake mwenyewe.”

“Amesikia,” Wakoli alisema.

“Mwambie hata hivyo.”